Kitabu cha Wapanda Farasi cha Mama Teta

Jumamosi, tarehe 15 Juni 2024. Ukungu juu ya ziwa mpaka saa mbili asubuhi, kisha jua kali na upepo wa vumbi. Mvua ya mwisho ilinyesha tarehe 27 Mei.

Siku hiyo Mukashema hakufungua chumba chake cha maziwa. Wateja waliokuja na vikombe vyao walikuta kufuli mlangoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya Jumamosi tangu aanze kuuza mtindi hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, miaka kumi na minne iliyopita. Yeye wakati huo alikuwa njiani kwenda Mbarara, amekaa nyuma ya pikipiki, na kifuani amefunga kwa kitenge kitu cha ukubwa wa matofali mawili. Mtu asiyejua angedhani amebeba mtoto mchanga.

Kilikuwa kitabu. Wazee wa kanisa walikuwa wamempa mpaka Jumapili kukiondoa kambini, la sivyo yeye mwenyewe asiingie tena kanisani. Ndani ya kitabu hicho kulikuwa na majina ya watu wa nyumba yake, walio hai na waliokufa, yaliyoandikwa kwa mkono wa baba yake. Jina la binti yake Teta halikuwa limeandikwa mahali pengine popote duniani. Njia nzima alikuwa akiwaza jambo moja: kitabu kinaweza kwenda, lakini majina yarudi naye.

Mukashema alizaliwa mwaka 1968 katika milima ya juu ya Kivu Kusini, katika nyumba ya wafugaji. Baba yake, Ezira, alikuwa shemasi. Alisoma Kiswahili na lugha ya nyumbani, Kifaransa hakukijua. Mwaka ambao wazungu wa misheni walifunga nyumba yao na kuondoka, Ezira aliitwa kubeba masanduku. Kwa shukrani walimwachia sanduku moja la vitu vya mzungu mzee aliyekuwa amefia pale, vitu ambavyo hakuna aliyevitaka: shuka, taa ya mafuta, vikombe vitatu, na kitabu kinene cha jalada la ngozi.

Ezira alikifungua, akaona maandishi ya safu mbili. Kila sura ilianza kwa herufi kubwa nyekundu. Kulikuwa na picha nyingi za watu waliopanda farasi, na ngao zao zina misalaba. Herufi zenyewe zilikuwa nene na zenye pembe, hata vijana waliosoma Kifaransa walishindwa kuzitambua. Kitabu kilichotoka kwenye nyumba ya watu wa Mungu, chenye misalaba na herufi nyekundu, kingekuwa nini kingine? Ezira alisema ni kitabu cha Mungu cha lugha ya zamani, na hakuna aliyebishana na shemasi.

Kwa watu wa milima ile, kitabu cha Mungu ndicho daftari la nyumba. Mtoto akizaliwa anaandikwa humo, akibatizwa anaandikwa, akifa anaandikwa. Ezira alifanya hivyo hivyo, ila kwa namna yake. Hakuandika kwenye karatasi tupu za mwanzo. Kila mtoto alimchagulia picha, akaandika jina pembeni ya picha hiyo, kwa kalamu ya wino na mwandiko mdogo uliolala upande mmoja. Mukashema alipewa picha ya mwanamke aliyesimama juu ya mnara. Kaka yake alipewa mtu mwenye mkuki uliovunjika. Mwaka 1995, Mukashema alipomzaa Teta, mzee alifungua kurasa siku nzima, na mwisho akamchagulia farasi mweupe anayekunywa maji kisimani, bila mtu mgongoni. Alisema mtoto mdogo apewe farasi asiye na mwenyewe, ili asigombane na mtu.

Jambo lingine lilikuwa siagi. Kila mwaka, kiangazi kikielekea mwisho, mama yake Mukashema aliyeyusha siagi ya ng'ombe na kulipaka lile jalada ili ngozi isipasuke, kama walivyopaka mikanda na vibuyu. Alipokufa mama, Mukashema aliendelea. Ndiyo maana kitabu kilinuka. Harufu yake ilikuwa ya siagi ya miaka hamsini, iliyolala juu ya siagi nyingine.

Walikimbia vita mwaka 2004. Walipita Burundi, wakaingia Tanzania, wakatembea kuelekea Kikagate ili wavuke kuja Uganda. Siku mbili kabla ya kufika, Teta alikufa kwa homa. Alikuwa na miaka tisa. Walimzika kando ya barabara, mahali ambapo hawakujua panaitwaje, na hakukuwa na muda wa kuweka hata jiwe. Walipofika kituo cha mapokezi cha Kabazana na kuambiwa wasubiri kuandikishwa, Ezira alimwomba karani kalamu yake. Karani alidhani anataka kujaza fomu. Mzee alifungua kitabu kwenye ukurasa wa farasi mweupe, chini ya jina la Teta akaandika tarehe, akarudisha kalamu na kusema asante. Kwenye karatasi za Kabazana Teta hayumo, kwa sababu aliandikishwa aliyefika tu.

Ezira alikufa mwaka 2011. Watu hapa hawamwiti Mukashema kwa jina lake. Wanamwita Mama Teta, hata watoto waliozaliwa hapa, ambao hawajui kama Teta alikuwa mtu wa namna gani.

Katika miaka hiyo yote kitabu kilikuwa na kazi nyingine. Watu wakigombania mpaka wa shamba au mnyama, na wazee wa kanisa wakishindwa kujua nani mwongo, kitabu cha Ezira kililetwa. Mtu aliweka mkono juu ya ile ngozi yenye mafuta, akaapa. Wengi waliogopa. Kitabu chenyewe kilikuwa cheusi, kizito, chenye harufu, na hakuna aliyejua kinasema nini. Mtu anaweza kudanganya mbele ya kitabu anachokielewa; mbele ya kile waliungama.

Mwezi Mei mwaka huu alikuja Appolinaire. Huyu ni mwalimu wa Kifaransa kutoka upande wa Uvira, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye siku mbili kwa wiki hufundisha Mbarara. Alikuwa amesikia juu ya kitabu cha kiapo, akaomba kukiona. Kwa siku kumi na moja alikaa kwenye chumba cha maziwa na kioo cha kukuzia maandishi, akinakili herufi moja moja kwenye daftari. Siku ya kumi na moja alifunga daftari.

“Mama Teta, nataka kukuambia kitu, lakini usikasirike.”

“Sema, mwalimu.”

“Hii kitabu haiko ya Mungu.”

“Iko ya nani?”

“Ya batu ba farasi. Askari ba zamani sana ba Ulaya, benye kuvaa chuma. Iko hadisi tu. Kuko mumoja jina yake Gaudrin. Anapigana, anapigana tena, halafu anatoroka na bibi ya mufalme.”

Mukashema aliendelea kusuuza kibuyu. Alikimiminia maji, akakinusa ndani, akaongeza maji mengine.

“Na majina yangu?”

“Majina yako iko fasi yake. Hakuna kitu imeharibika.”

“Basi.”

Kwake habari iliishia hapo. Kwa Appolinaire haikuweza kuishia hapo. Aliona kwenye ukurasa wa mwisho kwamba kitabu kilichapwa karibu miaka mia tano iliyopita, na mtu wa kusoma akigundua jambo kama hilo hawezi kulala nalo. Alimwambia mwenye duka, mwenye duka akamwambia mkewe, na Jumatano tarehe 5 Juni wazee wa kanisa waliitisha kikao. Mwenyekiti alikuwa Mzee Semahoro, mwanamume wa miaka sabini, anayevaa koti hata kwenye jua. Kitabu kiliwekwa mezani. Appolinaire aliambiwa asome.

“Nisome wapi?” aliuliza.

“Fasi yoyote. Kama kiko cha Mungu, kila fasi ni kya Mungu.”

Maskini mwalimu alifungua mahali alipokuwa amefika. Alisoma kwa Kifaransa, akatafsiri. Mfalme alikuwa amekwenda kanisani kusali. Gaudrin akaweka ngazi ukutani, akapanda mpaka dirisha la malkia. Malkia akamfungulia mkanda wa upanga.

“Simama apo!” Semahoro alipiga meza.

Inzi alitembea juu ya ukurasa. Kisha mzee mmoja aliyekaa nyuma aliuliza polepole, “Mufalme aliporudi, alibakuta?”

“Nyamaza, weye!”

“Nauliza tu.”

“Unauliza nini? Unataka kujua nini ya ndani ya kile kyumba?” Semahoro alisimama. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyooza na bado hajapata mahali pa kutema. “Miye nilikibusu. Munakumbuka? Ile wiki ya kufunga na kuomba. Nilikibusu mbele ya batu bote.” Akatoa leso, akafuta midomo, akaitazama leso, akafuta tena. “Miaka mingi tunaapisha batu juu ya uzinzi. Juu ya uzinzi, na tena inanuka!”

Mukashema alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani. “Harufu ni siagi, mzee. Ni ile siagi unakulaka kwangu.”

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Hapo ndipo Niyonshuti aliposimama. Sura yake inajulikana na kila mtu kambini. Mwaka 2016 alituhumiwa kuiba mbuzi wa jirani yake. Alikana kwa wiki tatu. Kitabu kilipoletwa, na mkono wake ukiwa bado hewani, aliungama yote: alimchukuaje, alimficha wapi, kamba aliitupa mto gani. Akalipa mbuzi mwingine.

“Wazee,” alisema, “mbuzi yangu irudi.”

“Mbuzi gani?”

“Ile nililipa. Niliungama juu ya kitabu ya uongo. Basi ile maungamo ni bure.”

“Lakini uliiba.”

“Niliiba, ndiyo. Sikatai. Lakini nani angejua? Nilisema juu niliogopa Mungu, na kumbe nilikuwa naogopa farasi!”

Ingekuwa haki kumtoa nje wakati ule ule. Hawakumtoa. Walijadili. Katika daftari la kikao, ambalo mwandishi wake nilikuwa mimi, limeandikwa jambo hili, na siwezi kuliandika tena bila kichefuchefu, kwamba wazee sita wa kanisa walikaa karibu saa moja kupima kama mwizi aliyekiri kwa mdomo wake arudishiwe mbuzi, na kama ni hivyo, mbuzi huyo atoke kwa nani. Mmoja alipendekeza atoke kwa Mama Teta, kwa kuwa kitabu ni chake. Niyonshuti aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyedhulumiwa ambaye mwishowe amepata watu wa kumsikiliza.

Mukashema hakujitetea. Aliuliza swali moja tu, kama wanajua kwamba humo ndani mna majina ya wafu wake.

“Uchomoe majina, uchome kitabu,” alisema Semahoro.

“Haichomoki, mzee. Iko pembeni ya picha. Nikikata jina, nakata na kitabu.”

“Basi yote itoke. Jumapili ya tarehe kumi na sita isiwe tena mu hii kambi. Na kama iko, weye usikuwe mu kanisa.”

Tangu siku ile mambo yalikuwa ya kuchukiza kwa namna ndogo ndogo. Wanawake waliokunywa mtindi kwake miaka yote walianza kutazama ndani ya kikombe kabla ya kunywa. Semahoro alionekana kisimani akinawa mikono kwa sabuni ya unga, mpaka kwenye viwiko. Kuna aliyemwambia Mukashema kwa sauti ya kumhurumia kwamba labda ndiyo sababu Teta alikufa, kwa kuandikwa kwenye kitabu kichafu. Mukashema alimmiminia maziwa yake, akamrudishia kikombe, akaingia ndani.

Appolinaire ndiye aliyesema juu ya mtu mmoja wa Mbarara. Alijiona ndiye aliyeleta balaa, akataka kuiondoa. Alipiga picha tatu za kitabu kwa simu, akazituma, na jibu lilikuja kabla simu haijarudi mfukoni. Mtu huyo aliitwa Kamugasha, Mnyankole, mnunuzi wa vitu vya kale, naye huviuza kwa wageni.

“Atayapiga majina picha kubwa, kila ukurasa,” Appolinaire aliahidi. “Utakuwa na picha, na kitabu kitalindwa na batu benye kujua thamani yake. Miye nitamuomba.”

Hivyo ndivyo Mukashema na mwalimu walivyofika Nyamitanga, mtaa wa Mbarara, Jumamosi hiyo, karibu na saa sita.

Nyumba ya Kamugasha ilikuwa nzuri kwa nje. Sebuleni palikuwa na ngoma, mikuki, viti vya miguu mitatu, na vitu vingine vya nyumba za watu waliokufa, vimepangwa ukutani, kila kimoja na kipande cha karatasi. Kwenye meza palikuwa na sahani ya mifupa ya mbuzi ya mlo uliokwisha, mafuta yameganda. Kamugasha alikuwa mnene, mchangamfu, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alilamba vidole viwili, akaviangalia, akampa Mukashema mkono.

“Karibu, nyabo. Karibu, mwalimu. Kaa, kaa. Mimi nimengoja nyinyi tangu asubuhi.”

Mukashema aliketi. Kando ya kiti chake palikuwa na vyombo vya maziwa vya mti, vya Kinyankole, vyeusi kwa moshi na vyenye shingo nyembamba, kama vile ambavyo mwanamke wa nyumba ya ng'ombe huvifukiza kwa nyasi kila siku na hamruhusu mtu mchafu kuvigusa. Alikitazama cha karibu. Kilikuwa kimejaa nusu, majivu na vichungi vya sigara. Mukashema alivuta miguu yake chini ya kiti.

Kitenge kilifunguliwa. Kamugasha aliinama, kisha akarudi nyuma akicheka.

“Eeh! Hii nini? Siagi? Nyinyi mnapaka kitabu siagi kama bibi harusi?”

“Ndiyo desturi,” alisema Appolinaire.

“Hapana mbaya, hapana mbaya. Ngozi iko mzima, kwa sababu ya hiyo.” Akaketi na kuanza kufungua. Kila ukurasa alilamba kidole, akaugeuza, akalamba tena, na kidole kiliacha alama ya unyevu kwenye pembe. Mukashema alihesabu alama hizo mpaka tisa, kisha akaacha. Mzee Ezira alikuwa akinawa kabla ya kukifungua.

“Hii iko mzee sana,” Kamugasha alisema. “Hii iko moja tu labda, ama mbili, duniani. Mimi naambia nyinyi ukweli.” Akataja bei. Appolinaire, aliyekuwa amesimama, akaketi.

Mukashema hakuwa anasikiliza bei. “Muulize juu ya majina,” alimwambia Appolinaire.

Appolinaire aliuliza. Alieleza vizuri, kwa adabu, kwamba pembeni ya picha kuna maandishi ya baba yake huyu mama, na kwamba kabla ya yote wanaomba picha kubwa na safi ya kila jina.

“Ndiyo, ndiyo, nimeona hiyo wino.” Kamugasha alitikisa kichwa kwa huruma. “Hiyo ndiyo shida ya hii kitabu. Mzungu hapendi. Mzungu anataka kitabu safi. Lakini hapana ogopa, mama, mimi niko na dawa.”

Alifungua droo, akatoa chupa ndogo na pamba. Chumba kilijaa harufu kali kama ya dawa ya kuoshea choo. Kitabu kilikuwa wazi kwenye ukurasa wa kisima. Appolinaire alisema “Ngoja kidogo,” lakini alisema kama mwalimu, kwa upole, na Kamugasha alikuwa tayari amebonyeza pamba kwenye karatasi. Aliipitisha mara moja, akaigeuza, akaipitisha mara ya pili. Pamba ikawa ya bluu. Kisha akapuliza ukurasa kwa mdomo wake wenye harufu ya mbuzi.

“Angalia. Safi!”

Farasi mweupe alikuwa pale, anakunywa. Pembeni yake hapakuwa na kitu, ila doa la maji lenye rangi ya manjano.

Mukashema aliangalia ukurasa. Kisha akaangalia pamba, ambayo Kamugasha alikuwa ameitupa kwenye sahani ya mifupa.

“Umetoa nini?” aliuliza.

“Uchafu tu, mama. Mtu alikuwa ameandika-andika hapo.”

“Ule uchafu ni mutoto wangu.”

Kamugasha alimtazama Appolinaire, aeleweshwe. Appolinaire alikuwa amefunika uso kwa mikono.

“Oh. Pole, nyabo. Pole sana.” Alisema kweli, kwa namna yake, alitoa hata uso wa huzuni. “Lakini mtoto utaandika kwa karatasi ingine, si ndiyo? Karatasi iko nyingi. Mimi naongeza pesa kidogo kwa hiyo.”

Mukashema alisimama. Aliifuta ile pembe yenye mate kwa ncha ya kitenge, akakifunga kitabu, akakifunika. Alifanya taratibu, kama mtu anayemvalisha mgonjwa. Kamugasha alitaja bei nyingine, kubwa zaidi, halafu nyingine tena. Alimwambia Appolinaire kwa Kiingereza mambo marefu. Mwisho akakasirika.

“Wewe mama, wewe hujui kitu uko nayo! Unakwenda kupaka siagi, panya watakula!”

Mukashema alikuwa mlangoni. Aligeuka, akanyoosha kidole kwenye chombo cha maziwa cha kando ya kiti.

“Mutu anaweka majivu ya sigara mu chombo ya maziwa,” alisema, “na nimwachie baba yangu? Mama yako alikukamulia ndani ya nini, weye?”

Kamugasha alikitazama kile chombo kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona.

Nje Mukashema alikwenda pembeni ya ua, akainama, akatapika. Alikuwa amekunywa chai tu tangu asubuhi. Appolinaire alisimama mbali kidogo, hajui kama amshike au amwache, akamwacha. Waliteremka kwa miguu. Wakafika kwenye daraja la mto Rwizi.

“Mama Teta,” Appolinaire alisema hatimaye, “unisamehe. Ni miye nimekuleta kwa ule mutu.”

Mukashema alisimama katikati ya daraja.

“Rudilia.”

“Unisamehe...”

“Hapana iyo. Jina.”

Alielewa. “Mama Teta.”

“Eeh,” alisema Mukashema, wakaendelea kutembea.

Walifika Nakivale jua likiwa bado juu. Niyonshuti alikuwa amekaa kwenye kivuli cha chumba cha maziwa, anasubiri kujua kama kitabu kimeuzwa, maana alikuwa bado anahesabu mbuzi wake kutoka humo. Alipoona kitenge kimefungwa vile vile, alitema mate chini.

“Umerudi nacho? Na kesho kanisa?”

“Ondoka kwa mulango yangu, mwizi,” Mukashema alimwambia. Lilikuwa neno ambalo kwa miaka minane hakuna aliyemwambia, kwa sababu alikuwa ameungama. Niyonshuti aliondoka akinung'unika kwamba ametukanwa.

Jumapili, tarehe 16 Juni, anga lilikuwa jeupe na upepo haukuwapo. Mukashema alisuuza vibuyu kama kawaida. Akayeyusha kipande cha siagi, akalipaka jalada, ingawa miezi miwili ilikuwa bado kabla ya siku yake. Kisha alinawa, akakaa mlangoni penye mwanga, akafungua ukurasa wa kisima. Lile doa la manjano lilikuwa bado linanuka dawa. Hakuandika hapo. Alisoma shule miaka mitatu tu na mwandiko wake ni mkubwa na wa kukwaruza. Alichukua kalamu ya biro, akaandika TETA juu ya farasi mwenyewe, kutoka shingoni mpaka mkiani, akikaza mkono mpaka karatasi ikabonyea, ili mtu akitaka kulifuta amfute na farasi. Chini yake, juu ya maji ya kisima, akaandika tarehe mbili.

Halafu akafungua ukurasa wa mtu mwenye mkuki uliovunjika, akaandika jina la kaka yake juu ya kifua cha chuma. Akaendelea hivyo, jina baada ya jina, juu ya nyuso na ngao na misalaba, pembeni maandishi ya baba yake yakibaki yalivyo, mpaka alipofika kwa mwanamke wa mnarani. Wino ulikuwa umeanza kukatika. Aliitia joto kalamu kwa pumzi yake, akajiandika.

Kengele ya pili ilipogongwa alikifunga kitabu kwenye kitenge safi, akakiweka kwapani, akaenda kanisani. Mzee Semahoro alikuwa mlangoni na koti lake. Harufu ya siagi mbichi ilimfikia kwanza, akatoa leso. Mukashema alimsalimu kwa heshima ya umri wake, akapita. Alikwenda kwenye benchi lake la siku zote, la pili upande wa wanawake. Waliokuwa wamekaa pale walijisogeza, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa benchi. Mukashema aliketi, na katika nafasi waliyoiacha akakiweka kitabu.